Hedifoni nzuri inalia chini kwenye simu: je, ni mbovu au inataka amplifaya?

*"Fundi, habari za kazi. Kaka yangu anayeishi Ujerumani ameniletea hedifoni ya Sennheiser HD 600 na kuniusia niitunze. Nimeichomeka kwenye simu kwa kile kiwaya cha kubadilishia tundu. Sauti ipo, lakini ndogo, hata nikipandisha hadi mwisho. Spika zangu za masikioni za elfu kumi zinaishinda. Duka moja Kariakoo wameniambia hedifoni ya aina hii 'inataka moto', wakanionyesha amplifaya iliyoandikwa wati 6000. Jirani naye ana amplifaya ya mtumba kutoka Japani yenye tundu la hedifoni, anataka laki mbili na nusu. Bajeti yangu yote haizidi laki nne. Nasikiliza zaidi dansi la zamani na taarabu, usiku, mke wangu akiwa amelala. Baadaye ningependa kuweka spika sebuleni. Je, hedifoni hii ni mbovu, au ni feki? Na kati ya amplifaya hizo mbili nichukue ipi?"*

Kaka, nianze na hilo linalokutia wasiwasi: kwa maelezo yako, hedifoni haina ugonjwa. Ingekuwa mbovu, upande mmoja ungekuwa umekufa, au besi ingekuwa inakwaruza, au sauti ingekatika ukitikisa waya. Sauti safi, ndogo, iliyo sawa masikio yote mawili, inakuambia kwamba chombo kinachoisukuma ndicho kilichopungukiwa. Kuhusu amplifaya, ile ya dukani iache palepale ilipo. Ya jirani ina mazuri yake, ila ina mitego pia, na mtego mmoja unaweza kuiunguza dakika ya kwanza utakapoichomeka ukutani.

Kinachokuchanganya wewe, na wengi wanaoniuliza swali hili, ni kupima ubora kwa ukubwa wa sauti. Hayo ni mambo mawili. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna utando mwembamba uliogundishwa koili ya waya, na koili hiyo imekaa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, utando unacheza na hewa inatikisika. Koili yako imezungushwa waya mwembamba sana, ndiyo maana ukinzani wake ni omu 300. Spika za masikioni za elfu kumi kwa kawaida huwa na omu 16 au 32. Omu nyingi si cheo, wala omu chache si aibu. Kampuni ya Beyerdynamic, kwa mfano, imeuza hedifoni yake ya DT 770 Pro kwa omu 32, 80 na 250, kila moja kwa ajili ya aina fulani ya chombo. Omu zinakuambia tu kifaa chako kinataka kusukumwa namna gani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nguvu inayoingia kwenye hedifoni ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Viwaya vingi vya simu hutoa kati ya nusu volti na volti moja. Tuchukue nusu volti. Kwenye omu 32 unapata karibu miliwati 8. Nusu volti hiyohiyo kwenye omu 300 inakupa miliwati 0.8 tu, yaani moja ya kumi. Sasa ongeza kitu cha pili kinachoandikwa kwenye karatasi ya hedifoni, unyeti, yaani wepesi wake wa kulia kwa umeme mdogo. Spika ndogo ya masikioni yenye desibeli 100 kwa kila miliwati itafika desibeli 109 hivi. Hedifoni ya omu 300 yenye desibeli 97 kwa miliwati itaishia 96. Tofauti ni desibeli 13, na sikio la binadamu huliona ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyokua maradufu. Ndiyo hiyo "kushindwa" uliyoisikia. Isitoshe, namba hizo ni za vilele vya muziki. Wastani wa wimbo uko chini ya vilele kwa desibeli 15 hadi 20 katika rekodi za zamani ambazo hazikubanwa kama muziki wa leo. Bongo Fleva mpya kwenye simu hiyohiyo itakutosha kidogo, na dansi la miaka ya sabini litaonekana linaimbwa chumba cha pili.

Je, unahitaji kiasi gani? Ukipata volti 2.5, hedifoni hiyo inapokea takriban miliwati 20, na vilele vinafika desibeli 110. Hapo hata rekodi ya sauti ndogo inajaa, na bado una akiba. Miliwati 20 ni sehemu moja ya hamsini ya wati moja. Rudi sasa kwa yule bwana wa wati 6000.

Namba za namna hiyo kwa kawaida huandikwa pamoja na herufi PMPO, na PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinajiandikia kinavyotaka. Wati za kuaminika ni za RMS, zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila kupasua sauti. Siku ukiwa dukani, geuza sabufa yoyote utazame kibandiko cha nyuma, mahali palipoandikwa umeme inaotumia. Mara nyingi utakuta wati 40, 60, labda 100. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutema 6000. Ingekuwa hivyo, TANESCO wangeacha mabwawa wakafunga masabufa. Na plagi yako ya ukutani ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 230 inapitisha kama wati 3000 tu. Sisemi sabufa hizo hazina kazi, kwenye sherehe zinafaa. Nasema namba ya mbele haikuambii lolote kuhusu hedifoni yako.

Na kuna onyo hapa ambalo wauzaji hawalisemi. Amplifaya nyingi za aina hiyo hazina tundu la hedifoni, na mtu atakushauri umpelekee fundi akuungie waya kutoka kwenye matundu ya spika. Usikubali. Kwanza, nguvu inayotoka pale ni kubwa mara maelfu kuliko mahitaji ya koili yako. Ukigusa kitasa vibaya, koili imekwenda. Pili, waya wa kawaida wa hedifoni una nyuzi tatu, na hasi ya kulia na ya kushoto zimeunganishwa kwenye shina la plagi. Amplifaya nyingi za kisasa haziruhusu hasi hizo kugusana. Ukiziunganisha, kinachoungua ni amplifaya yenyewe.

Tuje kwa jirani. Amplifaya za Japani za miaka ya sabini, themanini na tisini zina sifa, na wanaozipenda hawajakosea. Transfoma nzito, vitasa vya chuma, nyingi zinatengenezeka. Lakini kabla hujaulizia hata bei, chukua tochi uende nyuma yake usome kibandiko. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kimeandikwa AC 100V. Umeme wetu ni volti 230. Ukikichomeka moja kwa moja, mzigo unaoingia unapanda zaidi ya mara tano. Fyuzi ikiwahi kukatika, umepona. Isipowahi, transfoma inanuka na biashara imekwisha. Baadhi ya zilizotengenezwa kwenda nje zina swichi ya kuchagua volti, mara nyingi nyuma, na hizo ndizo za kutafuta. Zisizo nayo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapa napo watu hukosea: zinazouzwa kwa wingi mjini hushusha hadi 110, si 100. Asilimia kumi ya ziada inaonekana ndogo, ila chombo kizee kitafanya kazi kikiwa cha moto kila siku, na umeme wa mtaani ukipanda unazidisha. Tafuta ya kushusha hadi 100, na uwezo wake uwe karibu mara mbili ya umeme ulioandikwa kwenye kibandiko cha amplifaya.

Kama ina redio ndani, usiihesabu kwenye bei. FM ya Japani ilikuwa inaanzia megahezi 76 kuishia 90, ya kwetu ni 88 hadi 108. Utakamata stesheni moja mbili za chini, zilizobaki utazisikia kwa majirani.

Halafu umri. Ndani yake kuna kapasita zenye maji ya kemikali, na hizo hukauka kwa miaka, hasa zikikaa karibu na joto. Dalili zake ni mvumo wa chini usiokwisha, besi iliyolegea, upande mmoja kuchelewa kuamka. Kitasa cha sauti kikikwaruza ukikizungusha, hilo ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha. Kipimo kimoja ambacho ni lazima kifanyike kabla hujaweka hedifoni ya thamani ni hiki: fundi awashe amplifaya, sauti iwe sifuri, asiwe amechomeka chochote, asubiri dakika chache, kisha aweke mita kwenye volti za DC na apime tundu la hedifoni, ncha na shina. Milivolti chache ni kawaida. Ikizidi 50, usichomeke kitu hadi itengenezwe, kwa sababu umeme ulionyooka namna hiyo unasukuma utando upande mmoja na kuipasha koili joto bila wewe kusikia chochote. Wewe mwenyewe usifungue kifuniko. Kapasita kubwa za ndani hushika chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Kuna na suala la lile tundu la hedifoni lenyewe. Katika amplifaya nyingi za zamani, tundu hilo linapata sauti kutoka kwenye njia ya spika, ikipitia ukinzani wa omu mia kadhaa, mara nyingi 330 au zaidi. Ukinzani wa hedifoni nao haukai mahali pamoja. Kwenye besi, hedifoni ya omu 300 inaweza kupanda hadi zaidi ya 500. Vikikutana, besi inaongezeka desibeli mbili hivi. Kwa hedifoni yako hilo si baya, wengine wanalipenda kabisa, sauti inakuwa nzito kidogo. Lakini mtu mwenye hedifoni ya omu 32 akitumia tundu hilohilo, besi yake inaweza kuvimba desibeli nne au tano na kukosa mipaka, halafu atasema hedifoni ni mbaya. Kanuni tunayoifuata ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 300, tundu la hadi omu 37 au 38 linakaa ndani ya kanuni. Kwa omu 32, lisizidi 4.

Kwa hiyo mashine ya jirani ningeinunua kwa ajili ya zile spika za baadaye, na hedifoni iwe nyongeza tu. Kwa masharti: imeandikwa 220, 230 au 240 au ina swichi ya volti, umeisikiliza si chini ya nusu saa ikiwa imepata moto, na fundi ameipima. Ikiwa ni ya volti 100 tupu, jumlisha transfoma na matengenezo kwenye ile laki mbili na nusu, utaona bajeti yako imeisha na bado hujasikia wimbo.

Kwa hitaji la leo, yaani kusikiliza kitandani, usinunue chombo kikubwa. Nunua kidude cha USB chenye kigeuzi cha sauti na amplifaya ndogo ndani, vile vinavyochomekwa chini ya simu na kupokea waya wa hedifoni upande wa pili. Vinatumia umeme wa simu au kompyuta, hivyo volti za ukutani hazivihusu, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Vipo vingi kati ya dola 20 na 60, na hata ukiongeza gharama za kuvileta, unabaki na chenji. Angalia jambo moja tu kwenye maelezo yake: kinatoa volti ngapi. Volti 2 au zaidi, umemaliza. Wauzaji wengi huandika miliwati kwa omu 32 kwa sababu namba inapendeza. Ukikuta "miliwati 100 kwa omu 32", hiyo ni volti 1.8 hivi, na kwako wewe mwenye omu 300 zinabaki kama miliwati 11. Bado zinafaa, vilele vitafika desibeli 107. Ila sasa unajua kwa nini si 100.

Kabla ya kununua hata hicho, jaribu kitu cha bure. Kama simu yako ni ya Android na kiwaya chako ni cha Apple cha USB-C, fahamu kwamba vikikutana hivyo, kwenye simu nyingi kiwaya kinalia chini ya uwezo wake, kwa sababu simu haikipandishi hadi mwisho. Kichomeke kwenye kompyuta usikilize wimbo uleule. Sauti ikipanda sana, tatizo lilikuwa mapatano ya vifaa hivyo viwili, na programu ya muziki inayozungumza na USB moja kwa moja inaweza kukutosha. Viwaya vingine vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya navyo vimebanwa makusudi ili kulinda masikio, na hicho chako inawezekana kilikuja na mzigo huohuo wa kaka.

Amplifaya ndogo ya mezani, ya dola mia moja hivi, ni hatua ya juu kidogo: kitasa kizuri, nguvu ya kutosha kwa karibu kila hedifoni. Sikukatazi. Ila ukiagiza Marekani, hakikisha adapta ni ya volti 230, maana baadhi zinakuja na adapta ya transfoma ya volti 120 peke yake, na adapta hizo hazifanani na chaja ya simu inayokubali umeme wowote. Kuna hedifoni chache ambazo kweli zinahitaji nguvu kubwa, hasa baadhi ya zile zenye utando bapa uliotandazwa mbele ya sumaku. Yako haimo.

Nimeacha jambo moja ambalo pengine hukulitegemea. HD 600 ni hedifoni iliyo wazi nyuma. Ukiitazama kwa nje utaona wavu wa chuma, na sauti inapita pale kwenda nje kama inavyokwenda kwako. Uwazi huo ndio unaoipa ile hewa, ile hali ya bendi kuwa mbele yako badala ya ndani ya kichwa, na ndiyo maana tangu ilipotoka mwaka 1997 watu wa studio bado wanaitumia. Lakini mke wako atausikia wimbo wote. Fanya hivi: iweke juu ya mto wako ikilia kwa kiwango unachotumia, kisha wewe ulale upande wa mkeo, taa imezimwa, feni imewashwa. Kama feni inameza sauti, una bahati. Kama unazisikia tumba, basi hakuna amplifaya duniani itakayokutatulia hilo. Uwazi huohuo unaingiza kelele za nje pia. Nyumba iliyo kando ya barabara ya bodaboda haiipi hedifoni hii haki yake, na mtu hujikuta anapandisha sauti kushindana na pikipiki.

Ikifika hapo, ya kulalia iwe iliyofungwa nyuma, hii ibaki ya sebuleni mchana wa Jumapili. Sony MDR-7506 ya omu 63, Audio-Technica ATH-M50x ya omu 38, na ile DT 770 Pro ya omu 80 zimejulikana miaka mingi, vipuri vyake vinapatikana, na mbili za kwanza hazihitaji amplifaya yoyote. Jihadhari tu na jambo moja la hedifoni zilizofungwa: besi yake inategemea mto wake kukaa sawasawa kuzunguka sikio. Mkono wa miwani, nywele za kusuka, hata kilemba au ushungi ulioingia chini ya mto, vinafungua upenyo, na besi inatoroka. Watu wengi wanarudisha dukani hedifoni nzima kwa sababu hiyo. Na kwa joto la Dar, mito ya ngozi bandia huchanika mapema kwa jasho. Uliza bei ya mito ya akiba kabla hujanunua. Yako ina faida hapo, mito ya kitambaa inatoka na waya unachomoka, unabadilisha mwenyewe.

Usije ukafikiri kwamba bei ndiyo itakuchagulia. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali na hakuona uhusiano kati ya bei na mlingano wa sauti, yaani jinsi besi, sauti za kati na za juu zinavyogawana nafasi. Bei inaweza kulipia uimara, wepesi na vipuri. Mlingano unaujua kwa masikio yako, au kwa vipimo. Mambo ya waya wa dhahabu, na ya kuiacha hedifoni ilie saa mia ili "ifunguke", yapishe. Ukitaka besi zaidi, tumia ikwalaiza ya simu, ila kila unachoongeza kwenye besi, punguza kiasi hichohicho kwenye sauti ya jumla, la sivyo wimbo unapasuka na wewe unalaumu amplifaya.

Sasa muziki wako. Rekodi nyingi za zamani unazozipenda ni za mono, yaani kulia na kushoto sauti ni ileile moja. Santuri alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, na stereo ya santuri ilikuja sokoni miaka thelathini baadaye. Kwenye hedifoni, mono inakaa katikati ya kichwa, kama mwimbaji yuko nyuma ya paji la uso. Usidhani kifaa kimeharibika. Kuna hila inayosaidia sana: nakala nyingi zilichukuliwa kwenye santuri kwa sindano ya stereo, na sindano hiyo inabeba mikwaruzo inayotofautiana kulia na kushoto. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Pande mbili zinachanganywa, muziki unaofanana unabaki, na sehemu ya mikwaruzo inafutana yenyewe. Jaribu kwenye wimbo mmoja wenye kelele nyingi, washa na uzime. Mvumo wa tepu hautaondoka, na hedifoni nzuri itakuonyesha zaidi kuliko ile ya elfu kumi, pamoja na pumzi ya mwimbaji na gitaa la pili ambalo hukujua lipo.

Kuhusu feki, nusu ya jibu unaipata kwa fundi yeyote mwenye mita, kwa dakika moja. Hedifoni isiwe imechomekwa popote wala kuvaliwa. Mita iwe kwenye omu, waya wake mmoja uguse ncha ya plagi, mwingine uguse shina. Kisha pete, ule ukanda wa chuma wa katikati ya plagi, na shina. Kila upande usome karibu 300. Zikisoma thelathini na kitu, hapo muulize kaka risiti. Upande mmoja ukitofautiana sana na mwingine, angalia kwanza waya, ndio unaochoka mapema.

Nikuonye na hili, kwa kuwa tunakwenda kukuongezea nguvu. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4. Kila desibeli 3 za ziada zinakata muda katikati. Washa kifaa kwanza, kitasa kikiwa chini, halafu ndipo uvae; amplifaya nyingine hupiga mshindo zinapowaka. Ukivua hedifoni ukasikia mlio masikioni, umezidisha usiku huo. Mlio ukikaa siku kadhaa, muone daktari wa masikio, pua na koo. Na ikitokea sikio moja limeziba au limepoteza usikivu ghafla, usingoje wiki, usitie mafuta wala dawa ya matone ya jirani: fika hospitali siku hiyohiyo, au ndani ya siku tatu hata kama hakuna maumivu, kwa sababu dawa za hali hiyo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Spika za sebuleni nitazigusa kidogo tu, ukifika huko uniandikie tena. Kwa chumba cha kawaida, wati 30 hadi 50 za RMS kwa kila upande zinatosha na kubaki. Amplifaya ya NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978 ilijijengea jina ikiwa na wati 20. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3, tofauti ndogo kwa sikio. Pesa iende kwenye spika zenyewe, za omu 8 na unyeti wa desibeli 87 au zaidi, na uziweke mbali kidogo na kona ya ukuta kabla hujasema besi ni nyingi.

Kwa sasa nenda dukani na hedifoni yako, simu yako, na nyimbo mbili unazozijua hadi kikohozi cha mpiga saksafoni. Jaribu vidude viwili. Kila unapobadilisha, rudisha sauti iwe sawa kwa sikio kabla ya kuamua, kwa sababu chenye sauti kubwa kidogo huonekana kizuri hata kama hakina lolote, na wauzaji wanalijua hilo. Kitasa kikiwa nusu au robo tatu, wimbo wako wa sauti ndogo kuliko zote uwe umekutosha. Muuzaji akikataa usijaribu, toka uingie duka la pili.